Kabla ya Kununua Antena, Panda Paa

FUNDI: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tunaunganisha majengo mawili kwa mtandao wa hewani, bila kuchimba mtaro. Mwalimu, mada ni yako hii.

MWALIMU: Ni yangu kwa sababu imeniuma, fundi. Pale shuleni ofisi ina intaneti, bweni liko ng'ambo ya bonde, kama mita 600. Tukanunua antena mbili, tukazifunga Februari, tukapigiana makofi. Masika ilipoingia, kimya.

FUNDI: Katikati kuna mti?

MWALIMU: Mwembe. Lakini tulichungulia! Paa la bweni linaonekana vizuri tu, juu ya mwembe.

FUNDI: Juu kiasi gani?

MWALIMU: Mmh... nusu mita.

FUNDI: Ndiyo hapo. Watu hudhani mawimbi yanapita kama kamba iliyovutwa. Hapana. Fikiria muhogo: ncha nyembamba, katikati mnene. Kwa masafa ya gigahezi 5.8, yaani kasi ya mtetemo wa mawimbi, na umbali wenu huo, pale katikati muhogo unatanuka karibu mita 2.8 kila upande wa ule mstari wa macho. Unaitwa ukanda wa Fresnel. Fresnel ni mwanasayansi Mfaransa, alifariki 1827, alikuwa anahangaika na mwanga, redio yenyewe haijulikani.

MWALIMU: Kwa hiyo mita 2.8 zote ziwe wazi?

FUNDI: Angalau asilimia 60 yake, kama mita 1.7. Nanyi mna nusu.

MWALIMU: Sasa Februari ilishika vipi?

FUNDI: Ilishika kwa taabu, hamkujua tu. Majani makavu yanayapunguza mawimbi, yakilowa ndiyo yanayanywa kabisa. Siku ile mliandika namba ya nguvu ya mawimbi?

MWALIMU: Tuliangalia taa. Ilikuwa ya kijani.

FUNDI: (anacheka) Taa ya kijani! Haya. Mwembe unakatika?

MWALIMU: Wa mzee jirani ule, na unazaa. Usinigombanishe na watu.

FUNDI: Basi mlingoti, lile bomba linalobeba antena, urefushwe, na mwembe nao uachieni nafasi ya kukua. Bomba likirefuka lifungwe waya za kulivuta pande tatu, maana upepo wa kusi ukilitikisa, antena inaangalia kwingine. Na lisifungwe kwenye mabati, lifungwe ukutani. Radi tutaitengea kipindi chake, leo shika hili tu: waya wa kuipeleka ardhini unatangulia, antena inafuata.

MWALIMU: Waya wa mtandao nao ulipasuka. Ule mweupe.

FUNDI: Mweupe ni wa ndani, jua linaukausha kama ganda la muwa. Chukua mweusi wa nje, na toka swichi, kile kisanduku cha kugawa mtandao, hadi antena usizidi mita 100. Halafu kabla haujaingia ukutani, uache uning'inie chini ya tundu kama tumbo, ndipo upande kuingia. Mvua inateremka na waya, ikifika kwenye lile tumbo inadondoka. Ukiunyoosha kutoka juu moja kwa moja, umeyaelekeza maji kwenye swichi.

MWALIMU: Wetu umenyooka. Na nitajuaje bomba lipande kiasi gani?

FUNDI: Saa nne asubuhi, jua kali, mtu asimame bwenini na kioo akumulikie. Wewe ukiwa ofisini, panda mpaka uone mmweko, kisha pima ulivyouzidi mwembe.

MWALIMU: Kioo kipo. Ngazi ya shule ndiyo ina vidato vitatu vimeoza.

FUNDI: Usiikanyage hiyo. Jumamosi nakuja na yangu.