Mkataba wa Watu Wasiopendana

Asalaam alaikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Nawasikia mmeitikia zote tatu, na aliyeitikia ya mwenzake hajadhurika. Hizo mbili za mwisho ndizo zilizonileta hapa jioni hii. Zote zinamsifu Bwana yuleyule, lakini kila mmoja wetu anajua Wakatoliki husema ipi na Walutheri ipi. Katika Ujerumani ya miaka ya 1600, tofauti ya namna hiyo ilitosha kukufukuzisha mjini, na mara nyingine ilitosha kukuua.

Nazungumzia Vita vya Miaka Thelathini, 1618 hadi 1648, na mkataba uliovimaliza, Amani ya Westphalia. Nianzie dirishani. Tarehe 23 Mei 1618, wakuu wa Kiprotestanti wa Bohemia, sehemu ya nchi ya Cheki ya leo, waliingia katika ngome ya kifalme mjini Prague, wakawakamata magavana wawili Wakatoliki, Slavata na Martinic, wakawatupa nje. Karani wao, Fabricius, akafuatishiwa, nadhani kwa sababu tu alikuwepo. Ni kimo cha zaidi ya mita 15, na wote watatu walitoka hai. Wakatoliki wakasema Bikira Maria amewadaka. Waprotestanti wakasema wamedakwa na lundo la samadi. Karani yule baadaye alipewa ukabaila pamoja na jina jipya, von Hohenfall, yaani "wa Anguko Refu". Hata Kaisari, mkuu wa Dola Takatifu la Roma lililokusanya nchi za Kijerumani, alikuwa na utani wake.

Lakini ugomvi wenyewe ulihusu nini? Ulihusu viwanja. Mwaka 1609 Waprotestanti wa Bohemia walipewa hati inayowaruhusu kujenga makanisa katika ardhi ya mfalme. Wakajenga mawili, moja Braunau na jingine Klostergrab, juu ya ardhi iliyokuwa mikononi mwa watawa na askofu mkuu. Wao wakasema ardhi ya Kanisa ni ya mfalme pia. Wakuu wa Kikatoliki wakasema si hivyo. Kanisa moja likafungwa, jingine likabomolewa. Yeyote aliyewahi kukaa baraza la ardhi siku nzima akisubiri kesi yake iitwe anajua jinsi damu inavyochemka hapo, hata Mungu asipotajwa.

Watu huniuliza: je, vile vilikuwa vita vya dini au vya siasa? Swali hilo limenichosha kidogo. Linadhani dini ilikuwa moyoni na siasa ilikuwa serikalini. Kwa watu wa enzi ile dini ilikuwa pia mashamba, majengo, sadaka, kengele inayoruhusiwa kulia, na makaburi yatakayompokea mama yako. Ukishinda hoja ya sakramenti, unapata na monasteri yenye shamba la mizabibu.

Amani ya Augsburg ya mwaka 1555 ilikuwa imejaribu kulitatua jambo hilo kwa kanuni fupi: mwenye nchi ndiye mwenye dini. Mtawala akiwa Mlutheri, nchi yake ni ya Kilutheri, asiyetaka afungashe. Kanuni hiyo haikuwatambua kabisa Wakalvini, Waprotestanti wa tawi jingine, na wao wakazidi kuongezeka. Tena ilisema askofu akigeuka Mprotestanti anaacha cheo na ardhi, sharti ambalo Waprotestanti hawakulikubali kamwe, na kwa miaka mingi walilipuuza.

Basi mwaka 1629 Kaisari Ferdinand II, akiwa ameshinda kila mahali, akatoa amri: mali yote ya Kanisa iliyochukuliwa tangu 1552 irudishwe. Hebu fikirieni. Miaka 77! Watu wamezaliwa, wameoa na wamezikwa katika parokia za Kilutheri, kisha anakuja karani na daftari kuwaambia kwamba babu zao walikuwa wezi. Hata watawala Wakatoliki walishtuka, maana mwenye kuandika amri kama hiyo bila kuwauliza ataandika na nyingine.

Mfalme Gustav Adolf wa Uswidi akatua pwani ya kaskazini mwaka 1630. Yeye alikuwa Mlutheri, na vita vyake viligharimiwa kwa sehemu na Ufaransa, talari (sarafu za fedha) 400,000 kwa mwaka, kwa mkataba wa Januari 1631. Aliyekuwa akiiongoza Ufaransa wakati huo ni Richelieu, kadinali wa Kanisa Katoliki. Mnacheka, lakini Richelieu hakuona kichekesho. Aliamini kwamba mfalme wake Mkatoliki akizingirwa na jamaa wa Kaisari, Kanisa la Ufaransa nalo halitakuwa huru.

Mwezi Mei mwaka huohuo jeshi la Kikatoliki likaingia Magdeburg, mji wa Kiprotestanti uliokuwa umegoma kusalimu amri. Moto ukashika. Watu wapatao 20,000 wakaangamia. Tangu hapo, Mkatoliki akitupa silaha na kuomba huruma, askari wa upande wa pili walimjibu kwamba atapata huruma ya Magdeburg.

Nitoke nje ya njia kidogo. Mwaka huo, mwezi Agosti, Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mombasa aliyelelewa Goa na kubatizwa Jerónimo, aliwageuka Wareno ndani ya Fort Jesus na kuurudia Uislamu. Mfalme aliyesomewa habari hizo ni Philip IV, aliyetawala Ureno na Uhispania pamoja, na ambaye askari wake walikuwa wakipigana katika vita hivihivi vya Ulaya. Nisiende mbali zaidi, mwenyekiti ananitazama.

Nataka mumjue mtu mmoja. Mwaka 1993 ilichapishwa shajara ya askari iliyokutwa katika maktaba ya Berlin. Kurasa za mwanzo zimechanika, kwa hiyo jina lake lilitafutwa kwa kufuata vidokezo: Peter Hagendorf. Alitembea zaidi ya kilomita 22,000 katika miaka kama 25. Alikuwepo Magdeburg, katika jeshi la Kikatoliki, na alipigwa risasi. Alipokuwa amelala na majeraha, mkewe aliingia katika mji unaowaka kumtafutia matandiko na mvinyo. Anaandika kwamba alisikitika mji ule kuungua kwa vile ulikuwa mzuri, na kwa vile ni nchi yake. Hapo hapo anahesabu nyara. Baadaye akatekwa, akawatumikia Waswidi kwa muda, kisha akarudi upande wa kwanza. Haonyeshi kwamba dhamiri ilimsumbua. Watoto wake anawaandika mmoja mmoja: amezaliwa, amekufa. Ukisoma shajara nzima ni vigumu kujua kwa hakika alikuwa wa dhehebu gani.

Sasa amani. Mazungumzo yalichukua miaka, katika miji miwili iliyo umbali wa kilomita kama 50: Wafaransa na Kaisari wakikutana Münster, Waswidi na Kaisari wakikutana Osnabrück. Mjumbe wa Papa, Fabio Chigi, hakukubali kukaa meza moja na wazushi, yaani Waprotestanti. Vita havikusimama; Julai 1648 Waswidi walikuwa wakipora Prague, ileile ya dirisha.

Na kilichopatikana? Hakuna aliyekubali kwamba mwenzake ana ukweli. Walichokubaliana ni tarehe. Waprotestanti walitaka 1618, Wakatoliki 1630. Wakakutana katikati: tarehe mosi Januari 1624. Aliyekuwa na kanisa siku hiyo, ni lake. Waliokuwa na ibada siku hiyo, waendelee nayo. Na katika baraza la Dola, jambo la dini halikupigiwa tena kura ya wengi: Wakatoliki chumba hiki, Waprotestanti chumba kile, mpaka waelewane. Wakalvini safari hii wakatambuliwa. Ila nchi za urithi za Kaisari, Bohemia ikiwamo, ziliachwa nje ya tarehe hiyo, kwa hiyo wale waliolianzisha dirishani hawakupata kitu.

Mkataba ulitiwa saini Oktoba 24, 1648. Papa Innocent X alitangaza kwamba vifungu vyake vya dini ni batili milele. Waliouandika walikuwa wametarajia hilo, wakaweka kifungu mapema kwamba pingamizi la mtu yeyote halitahesabika. Chigi mwenyewe baadaye akawa Papa, na mkataba ukaendelea kufanya kazi.

Kwa Osnabrück yenyewe iliamuliwa kwamba askofu atakuwa Mkatoliki, anayefuata Mprotestanti, kisha Mkatoliki, kwa zamu. Zamu ya Waprotestanti ilikuwa mali ya ukoo mmoja wa kifalme, na kwa sababu hiyo mwaka 1764 askofu mpya wa Osnabrück alikuwa Frederick, mtoto wa mfalme George III wa Uingereza. Alikuwa na umri wa miezi sita. Mpango ule wa zamu ulidumu zaidi ya miaka 150.

Naona mikono imeshainuka. Tuanze na mama yule wa nyuma, halafu kijana wa hapa mbele.