Mkono wa drafti kwenye blitzi ya chesi

Haya jamani karibuni, wale wa nyuma sogeeni huku mbele maana ubao wa kuonyeshea ni huu mmoja tu na sitaki mtu apitwe. Mmeniomba niongelee jinsi ya kupandisha retingi, yaani pointi zinazoonyesha kiwango chako, kwenye blitzi, zile gemu za dakika 3 au 5 tunazopiga kwenye simu, Lichess au Chess.com, na najua kuna waliokuja na daftari wakitegemea niwape ufunguzi mpya, yaani muvu za mwanzo wa gemu, wa kukariri. Ufunguzi siwapi leo. Nimekaa na gemu mlizonitumia wiki hii, nimezipitia moja moja, na karibu zote mnafungwa kwa kitu kilekile: mkono unakula kabla jicho halijaangalia.

Na mimi naelewa unatoka wapi huo mkono. Wengi wetu tumekulia kijiweni, kwenye drafti, vifuniko vya soda juu ya kipande cha ubao, na kwenye drafti kula ni lazima, usipokula watu wote waliosimama wanapiga kelele. Miaka kumi mtu anacheza hivyo, afu anahamia chesi, saa inakimbia, anaona kete iko wazi, mkono umeshafika. Kwenye chesi hakuna anayekulazimisha kula! Hiyo sheria ndogo ndo inawagharimu pointi nyingi kuliko ufunguzi wowote ule.

Angalieni hapa, herufi na namba ni jina la kijumba ubaoni, na nisipotaja kete ni askari. Mweupe e4, mweusi e5. Farasi f3, mweusi d6. Askofu c4, na mweusi anatoa askofu wake hadi g4, kambana yule farasi asitoke maana nyuma yake yupo malkia. Mweupe anatoa farasi wa pili c3, mweusi anasukuma g6. Mpaka hapo kila mtu ametumia kama sekunde kumi hivi. Sasa mweupe anachukua farasi aliyebanwa, yule yule, anakula askari wa e5! Malkia kaachwa wazi kabisa. Wewe ndo mweusi, una dakika 2 na sekunde 50, unafanya nini? Nimesikia, nusu ya chumba kimesema kula malkia. Haya kula. Askofu wa mweupe anakula f7, cheki, mfalme hana pengine zaidi ya e7, farasi wa c3 anaruka d5, kwisha, mati, mfalme kabanwa hana pa kwenda. Malkia unaye mkononi na gemu imeisha muvu ya saba. Mtego huu umebeba jina la Légal, Mfaransa wa karne ya 18 aliyemfundisha Philidor, mchezaji mashuhuri wa enzi hizo, yaani mtego wa zamani kiasi hicho na bado unawala watu usiku wa leo kwenye simu. Ukimla farasi kwa askari wako wa d6, mweupe anakula askofu wa g4 na amekuzidi askari mmoja tu, gemu bado ipo, unapambana.

Kwahiyo dawa yangu ni moja, mpinzani akisogeza, kabla hujafikiria muvu yako jiulize yeye anataka nini. Ni swali la sekunde moja. Mtaniambia mwalimu sekunde hazipo, sawa, tupige hesabu. Dakika 3 ni sekunde 180, gemu ya muvu 40 inakupa sekunde 4 na nusu kila muvu. Muvu sita saba za mwanzo unazijua, hizo piga haraka, hapo umeshaweka akiba ya sekunde ishirini na kitu, na akiba hiyo itumie pale kete zinapogusana na mtu anakuachia kitu cha bure, hapo kaa hata sekunde kumi na tano. Ninachokiona mimi ni kinyume chake, mtu anatafakari muvu ya nne kama anapiga kura afu penye moto anakimbia.

Na kama unajifunza achana na 3 bila nyongeza, cheza 3 na nyongeza ya sekunde 2, yaani kila ukicheza muvu saa yako inaongezewa sekunde 2. Kwa muvu zilezile 40 unapata sekunde 80 za ziada, kila muvu inakuwa na sekunde 6 na nusu. Saa ya namna hiyo Bobby Fischer, bingwa wa zamani wa dunia, ndiye aliyeichukulia hataza Marekani mwaka 1989, akaitumia kwenye mechi yake na Spassky, bingwa mwingine wa zamani, 1992, na alitaka mtu aliyecheza vizuri asipoteze gemu kwa kukimbizwa na saa tu. Buleti ya dakika 1 mimi sikatazi, lakini ukiwa bado unaacha kete wazi buleti inakukomaza kwenye makosa yaleyale.

Primuvu, ile ya kupanga muvu kabla mwenzako hajacheza, nayo ni mkono wa drafti mtupu. Kuna moja ambayo ni salama, unapanga kulipiza kisasi kwenye kijumba kilichokaa kete yako mwenyewe, asipoila pale primuvu inafutika maana huwezi kula kete yako. Zingine zote ogopa.

Mwisho wa gemu sina maneno mengi. Ngome na mfalme dhidi ya mfalme peke yake, ukiijua vizuri kumpiga mati haizidi muvu 16. Fanya na kompyuta kila siku mara tano mpaka uweze ndani ya sekunde 20, maana inauma sana, nakwambia inauma, mtu kapambana vizuri dakika zote afu anaishiwa muda akiwa na ngome nzima mbele.

Na ukifungwa usibonyeze gemu mpya hapohapo. Fungua ile uliyofungwa, usiwashe kompyuta kwanza, tafuta mwenyewe muvu ambayo mkono ulitangulia, iandike. Wiki ijayo kila mtu aje na tano za kwake tuziweke hapa ubaoni.

Sasa kaeni wawili wawili, wekeni saa 3 na nyongeza ya 2, na gemu ya kwanza mtu akitaka kula kete aseme kwa sauti mpinzani wake anataka nini, ndo ale.