Bibi wa Hartford na Kadi za Posta

Mabibi na mabwana, asanteni. Naona wanaonifahamu wameshaanza kucheka kule nyuma. Wanajua nitaanzia Hartford. Mwenyekiti aliniomba safari hii nianze na mabingwa wa leo wa sataranji ya wanawake. Nimemkatalia mbele ya mkewe.

Kila nikitaja wanawake wa Marekani na sataranji, mtu hunijia na yule msichana wa kwenye televisheni, yatima mwenye nywele nyekundu, aliyewakesha watu mwaka 2020. Jamani, yule ni wa kubuni! Hajawahi kuzaliwa. Mtu akinitajia Phiona Mutesi, mchezaji wa Katwe, Uganda, nitamsikiliza, maana huyo yupo, na hata chuo kikuu alikwenda kusoma hukohuko Marekani, jimbo la Washington. Lakini habari yake ina siku yake.

Hartford, basi. Mji wa jimbo la Connecticut, mwaka 1877. Wachezaji wa Marekani na wa Uingereza wanapambana kwa njia ya posta. Unaandika hatua yako kwenye kadi, meli inavuka Atlantiki, wewe unasubiri. Kete hazina haraka. Upande wa Marekani yumo mama mmoja, Ellen Gilbert. Kumbukumbu za wakati ule zinamwita Bibi J. W. Gilbert, na hizo J na W ni herufi za mumewe. Shikeni hapo. Mwanamke anacheza, jina linaloandikwa ni la mume aliyekaa sebuleni.

Akapangiwa George Hatfeild Gossip, mchezaji wa upande wa Uingereza mwenye sifa kubwa katika michezo ya posta, mwandishi wa vitabu vya sataranji. Siku moja Gossip anapata kadi kutoka Hartford. Ujumbe wake, kwa Kiswahili chetu: cheza utakavyo, mfalme wako namfunga kwa hatua 21. Ishirini na moja! Nyinyi mnaocheza pale nje chini ya mwembe, mkiona mati ya hatua tatu mnapiga meza mpaka kahawa inamwagika. Huyu hana kompyuta, hana programu ya kumnong'oneza, ana ubao, taa na kichwa chake. Na hakuishia hapo. Katika mchezo mwingine na bwana huyohuyo, akatangaza tena: mati, hatua 35. Ukianza kuzihesabu hizo hatua kwa sauti, muuza kahawa atakuwa amepita mara mbili.

Najua kuna mtu anajiambia kimoyomoyo, "Ah, ni posta hiyo. Alikuwa na muda. Huenda alisaidiwa." Nimelisikia hilo kila nilikozungumza. Gossip naye alikuwa na posta ileile na muda uleule. Na wa kumsaidia angekuwa nani? Kama Hartford ilikuwa na mwanamume wa kuona hatua 35 mbele, mbona hatumjui? Tangu lini wanaume tukaona haya kujitangaza? Gossip mwenyewe, aliyefungwa, hakutoa visingizio hivyo. Mwaka 1879 alitoa kitabu chake kuhusu namna za kufungua mchezo, akamtunukia mama yule. Mshindwa alikuwa muungwana kuliko baadhi yenu.

Sasa ruka miaka 85. Januari 1962 yanachapishwa mahojiano ya kijana Bobby Fischer, bingwa wa Marekani, naye anasema wanawake wote ni dhaifu katika sataranji, na kwamba yeye anaweza kuanza mchezo akiwa amepunguza farasi wake mmoja na bado amshinde mwanamke yeyote duniani. Simlaumu sana kijana. Nawalaumu waliomsikiliza bila hata mmoja kumuuliza: Hartford umewahi kupasikia? Hakuna aliyeuliza kwa sababu Bibi J. W. alishasahaulika. Wamarekani wana tabia hii, na sisi tunayo: kila kizazi kinamgundua mwanamke wa kwanza.

Hoja yangu ni hii, na nimeisema mpaka sauti imekauka. Kilichopungua kamwe hakikuwa akili, kilikuwa fedha. Tazameni mashindano ya wanawake yalivyoanza. Pale klabu ya Marshall, Manhattan, aliyeyapigania ni Caroline Marshall, mke wa bingwa Frank Marshall. Mwaka 1937 Adele Rivero akatwaa ubingwa. Halafu wakaja Mona May Karff, mara saba bingwa, na Gisela Gresser, mara tisa. Gresser nampenda. Alikuwa msomi wa Kigiriki cha kale, mke wa mwanasheria. Alijifunza sataranji ukubwani, ndani ya meli akitoka Ufaransa, kwa kitabu alichoazima kwa abiria mwenzake. Mwaka 1944 akawa bingwa kwa kushinda michezo yote, na ubingwa wake wa mwisho ni wa 1969, akiwa na miaka 63. Lakini mtu wa kusafiri namna ile hakungoja zawadi ya mashindano ndipo alipe kodi ya nyumba.

Mlinganishe na Lisa Lane, msichana wa Philadelphia asiye na urithi, bingwa wa 1959. Agosti 1961 picha yake ilikaa kwenye jalada la Sports Illustrated, jarida la michezo la Marekani, heshima ambayo hakuna mchezaji wa sataranji aliyewahi kuipata kabla yake. Alipojitoa katika mashindano ya Hastings kule Uingereza na kusema yuko mapenzini, magazeti yalikula hapo wiki nzima. Aliposema mabingwa wanawake wanalipwa makombo ukilinganisha na wanaume, hilo halikuwa tamu. Akaachana na mchezo, yeye na mumewe wakafungua duka la vyakula vya asili. Duka! Bingwa wa taifa anapima dengu!

Mtauliza, mbona basi ubingwa wa wanawake uko peke yake? Ule mwingine si wa wanaume, uko wazi, na wanawake wameshaucheza. Huu wa pembeni upo ili... Naam, mwenyekiti, nimeiona saa. Nilikuwa na kurasa nne zaidi.

Haraka haraka. Sonja Graf, mkimbizi wa Unazi, aliyekuja kuwa bingwa wa Marekani. Inataka jioni nzima. Mwaka 2004, Olimpiadi ya sataranji kule Calvià, Hispania, timu ya wanawake ya Marekani ilipata medali ya fedha, Susan Polgar akiongoza. Mwaka 2008, Tulsa, ubingwa wa wanawake wa Marekani uliamuliwa kwa mchezo wa dakika chache kati ya Irina Krush na Anna Zatonskih. Saa ya Krush ilipokwisha, mwenzake alibakiwa na sekunde moja. Sekunde moja, na mikono ikipita ubaoni kama ya wanaonyang'anyana nauli! Krush baadaye, 2013, akawa Grandmasta kamili, cheo cha juu kabisa cha mchezo huu. Mwaka 2024, Olimpiadi ya Budapest, timu yao ilirudi na shaba, na Carissa Yip akachukua dhahabu ya mchezaji bora wa ubao wake. Nimemruka, mnisamehe, Paikidze, Mmarekani aliyekataa kwenda kucheza Iran.

Maswali. Yule mama mwenye kitenge cha bluu, umeinua mkono tangu nilipokuwa Hartford.