Bustani ya M: kupanda mkilua, mlangilangi, mwasumini na mrehani kwa ajili ya kikuba

Karibuni watazamaji. Leo tunapanda mimea minne ya kunukia kwa ajili ya kikuba, yaani shada dogo la kupamba nywele, na yote inaanza na herufi M: mkilua, mlangilangi, mwasumini na mrehani. Kwa Kiswahili mmea hubeba M yake, na ua likichumwa M inabaki shinani. Mwasumini hutoa asumini, mlangilangi hutoa langilangi, mkilua hutoa kilua. Mkilua ndio uliofika mbali zaidi kwa jina. Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt alipoupa jina la kisayansi, alilichukua la Kiswahili kama lilivyo, M na yote, akauita Mkilua fragrans. Neno la pili ni Kilatini, maana yake unaonukia.

Tutaanza na inayochelewa kisha tuje kwa ya haraka. Ukianza na mrehani utakuwa na rehani upesi, ila kilua na langilangi utazisubiri miaka.

Andaa haya: mkasi wa kupogolea au kisu kikali, mifuko ya nailoni ya kuoteshea iliyotobolewa chini, ndoo ya lita 20, samadi iliyooza vizuri na mchanga. Mchanga uwe wa mtoni. Wa ufukweni una chumvi, na chumvi huunguza mizizi michanga kabla hujaona dalili yoyote juu. Maji nayo vivyo hivyo: kisima chako kikiwa na maji ya munyu, mwagilia kwa maji ya mvua au ya bomba.

Mkilua kwanza. Huu ni wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, umezoea kukaa chini ya miti mikubwa, kwa hiyo jua kali la mchana kutwa haulitaki. Uweke upande wa mashariki wa nyumba upate jua la asubuhi tu, au chini ya mwembe. Tafuta mche kwa mtu mwenye mti uani kwake, au mwombe matunda yaliyoiva. Mbegu zitoe, zisafishe, zipande siku hiyo hiyo kina cha sentimita 2. Usizianike juani kama unavyoanika za mchicha. Msituni usiende kuchimba mche. Mizizi hukatika, mche hufa njiani, na msitu umepungukiwa mti bure. Baada ya hapo mkilua unadai subira na unyevu, basi.

Sasa mlangilangi. Ni ndugu wa mkilua, wote wako familia moja na mtopetope na mstafeli. Angalia ua la langilangi lilivyo: petali ndefu, nyembamba, zimeinama kama utepe uliolowa. Likiwa changa ni kijani na halinukii sana. Likikomaa hugeuka manjano kabisa, na ukilifunua katikati unaona madoa mekundu chini ya petali za ndani. Hapo ndipo harufu imetimia.

Mbegu zake zina ganda gumu. Chemsha maji, yaepue, yaache yapoe mpaka uweze kuingiza kidole bila kuungua, tumbukiza mbegu na uziache usiku kucha. Asubuhi zinazoelea tupa. Panda mbili mbili kwenye mfuko mrefu, kina cha sentimita 1 na nusu, mchanganyiko wa udongo sehemu 2, samadi 1, mchanga 1. Zitachukua mwezi mmoja hadi miwili, nyingine zaidi, kwa hiyo usiumwage udongo kwa kuudhani mtupu. Wengi hukosea hapo.

Kosa jingine ni kuuchelewesha mche mfukoni. Mlangilangi una mzizi mkuu unaoshuka moja kwa moja. Ukifika chini ya mfuko unajizungusha, na mti wa namna hiyo hudumaa hata ukiupeleka kwenye udongo mzuri. Uhamishe ukiwa na urefu wa sentimita 25 hadi 30, mwanzo wa masika. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, tia ndoo nzima ya samadi, na uwe mita 5 kutoka ukutani.

Ukiuachia, utapanda mita 10 na zaidi, na maua yote yatakuwa juu usikoyafikia. Fanya wanavyofanya wakulima wa langilangi Komoro: mti ukifika mita 2 kata kilele, kisha matawi ya pembeni yavute chini taratibu kwa kamba iliyofungwa kwenye kigingi. Taratibu kweli, maana matawi haya ni mepesi kukatika. Kila chipukizi linalosimama wima kutoka kwenye shina liondoe. Maua ya kwanza yategemee mwaka wa pili au wa tatu.

Mwasumini unapandwa kwa vipandikizi, na hapa tazama mkono kwa makini. Chagua tawi ambalo si changa la kijani wala si gumu la kahawia. Likunje: likipinda kama mpira ni changa, likivunjika kwa sauti limezeeka. Tunataka linalopinda kisha likarudi lenyewe. Kata urefu wa sentimita 12 hadi 15 lenye vifundo vitatu au vinne, na mkato uwe chini kidogo ya kifundo, kama hivi, maana mizizi hutokea hapo kwenye kifundo. Ondoa majani yote ya chini, bakiza mawili ya juu, na hayo mawili yakate nusu. Kipandikizi hakina mizizi ya kunywa, jani zima litakinyonya maji yake kikauke.

Changanya mchanga na mboji kwa kipimo sawa, mwagilia kwanza, toboa tundu kwa kijiti, ingiza kipandikizi sentimita 5, kandamiza kwa vidole. Usikichomeke bila kutoboa, utakwaruza ngozi ya chini na kioze. Funika kwa chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa kitako, weka kivulini. Kila asubuhi fungua kifuniko cha chupa kwa muda mfupi ili ukungu usiingie. Wiki ya nne hadi ya sita kivute kidogo mno. Kikikataa kutoka, kimeshika. Panda 10 ukihitaji 6.

Kwenye bustani mwasumini unataka jua saa 5 au 6 kwa siku, shimo la sentimita 40, nusu ndoo ya samadi, na mita moja kati ya shina na shina. Hata kwenye chungu cha upana wa sentimita 30 utakubali, mradi kina matundu chini.

Swali linaloulizwa sana: mwasumini umestawi, majani tele, maua hakuna. Sababu huwa mbili. Ya kwanza ni mbolea ya kukuzia, kama urea, inalisha majani. Iache, rudi kwenye samadi. Ya pili ni kuuonea huruma mkasi. Asumini huchanua kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo kila mkupuo wa maua ukiisha kata theluthi moja ya kila tawi, mwagilia vizuri, na machipukizi yatakuja na vitumba vyake.

Majani machanga yakiwa manjano huku mishipa imebaki kijani, mmea umekosa chuma. Kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe chuma kinaweza kuwemo, lakini chokaa inakizuia kisiingie kwenye mizizi. Ongeza mboji, nyunyizia mbolea ya majani yenye chuma, na majivu usiweke kabisa, maana yanazidisha tatizo lile lile. Ukiona vidung'ata, wadudu wadogo weupe kama pamba, kwenye maungio ya majani, tia kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, nyunyiza chini ya majani jioni, rudia baada ya siku 5.

Mrehani ni wa haraka. Nyunyiza mbegu, funika kwa udongo mwembamba usiozidi nusu sentimita, na ndani ya siku 5 hadi 10 zimeota. Zikifika sentimita 15 kata ncha ili zitawanyike matawi. Kwa mboga watu huondoa maua, ila kikuba kinataka vikonyo vyenye maua, basi viache. Shina mbili ziachie zikomae mbegu.

Mkadi, mti mwingine wa maua ya kikuba, sitaupanda kwenye video hii. Majani yake yana miiba, unahitaji nafasi kubwa, na kadi inayonukia hutoka kwenye mti dume tu. Kwenye uwanja mdogo nunua kadi sokoni.

Siku ya kuchuma, kila ua lina saa yake. Langilangi chuma alfajiri, lililo manjano tupu, shika kwa kikonyo. Petali ikibanwa inageuka nyeusi baada ya muda mfupi. Liweke ndani ya kitambaa chenye unyevu, kivulini. Rehani kata asubuhi umande ukikauka, simamisha kwenye glasi ya maji. Asumini subiri alasiri, chuma kitumba kilichojaa, cheupe, ambacho bado kimefumba. Kilichofunguka usiku uliopita kimeshamaliza harufu yake. Pitisha sindano kwenye kishingo chini ya kitumba, si katikati, vipange vitumba vikitazama upande mmoja, kisha fungia shada hilo pamoja na rehani, kilua na langilangi kwa uzi wa pamba. Ukikifunga kikuba kabla ya magharibi, asumini zitafunguka zikiwa tayari nyweleni.