Ndimu za Kwenye Boti

RAYA: Assalaam alaykum jamani, karibuni tena kwenye mazungumzo yetu ya saratani, mimi Raya na huyu hapa Faki, kachelewa lakini kaja.

FAKI: Waalaykum salaam. Leo dada tumejipanga, nimeandika kabisa hapa, mambo matatu. La kwanza maswali ya kumuuliza daktari siku ya mwanzo, la pili chakula wakati wa kemo, zile dawa za saratani, la tatu yule msikilizaji wetu wa Wete aliyeuliza mtu akipangiwa mionzi ya wiki tano Dar akae wapi. Kwa hiyo tuanze na...

RAYA: Kabla ya hayo. Jumanne nilivuka kwenda Dar.

FAKI: Ya kliniki?

RAYA: Ile ya miezi sita. Boti ya saa moja asubuhi, na kusi limechachamaa, yaani tumetoka tu Malindi, bandarini Unguja, vijana wa boti washaanza kupita na mifuko. Ubavuni kwangu kakaa mama mtu mzima wa Pemba na bintie. Mimi nishafumba macho, nasoma dua zangu, mara nasikia kitu cha baridi kiganjani. Nafumbua. Ndimu.

FAKI: Ndimu tena! (wanacheka)

RAYA: Ndimu Faki! Kaitoboa kwa ukucha, ananambia nusa mwanangu, usiimeze harufu, inuse tu pole pole.

FAKI: Wasikilizaji wa siku nyingi wanajua, wewe na ndimu hamwachani. Wageni hebu wasimulie kidogo, wasidhani tumerukwa na akili.

RAYA: Mwaka 2021 nilipokuwa kwenye kemo kila aliyekuja kunitazama alikuja na ndimu. Wengine wanaleta na juisi, wengine uji wa mchele, lakini ndimu haikosi. Siku moja nikazihesabu jikoni, 72. Mama akatia achari, akagawa jirani, jirani wakaja kunitazama, wakaleta nini?

FAKI: Ndimu. (wanacheka)

RAYA: Zile zile nadhani! Lakini wallahi zilinisaidia. Ile dawa nyekundu, doksorubisini, mimi nilitiwa mara nne, kila baada ya wiki tatu, na mtu asikushtue ukikojoa rangi nyekundu siku ile, ni dawa inatoka, si damu. Basi siku mbili tatu za mwanzo harufu ya kitunguu kikikaangwa nyumba ya tatu inanitoa mbio. Dawa ya kutapika nilipewa na nilikuwa naimeza kwa saa zake, hiyo usiiache hata kidogo, lakini katikati ya dozi na dozi nilikuwa nafunga kipande cha ndimu kwenye ncha ya mtandio. Harufu ikija, nanusa mtandio.

FAKI: Mimi nilikuwa nadhani unalia kila saa.

RAYA: Nilikuwa nalia pia, lakini si kila saa.

FAKI: Na urojo je? Maana mlo wako ulikuwa urojo.

RAYA: Ah, urojo. Ukitiwa kemo mdomo unakuwa kama umelamba sarafu, wali huujui, samaki humjui. Kitu pekee nilichokuwa nakisikia ladha yake ni ule ukali wa embe na ndimu ndani ya urojo. Nikala wiki nzima. Alafu vikanitoka vidonda mdomoni, na mimi kwa uroho wangu nikanywa urojo vile vile, Faki nilipiga kelele mpaka baba akaja na viatu mkono mmoja. Muuguzi akanambia yakitoka madonda achana na ndimu, achana na pilipili, sukutua maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo na soda ya kupikia, mara nyingi kwa siku, baada ya kula na kabla ya kulala. Ikapoa.

FAKI: Hapo tushaingia la pili, chakula. Tunakwenda vizuri.

RAYA: Ngoja sasa, maana ndimu ina mengine. Ile meseji ya wotsap unaijua, maji ya moto na ndimu yanaua saratani, eti yanaondoa asidi mwilini. Mama mwenyewe alinitumia, na alikuwa chumba cha pili! Sasa nilimuuliza daktari, akanieleza asidi ya damu haibadiliki kwa unachokula, mapafu na figo ndo zinaiweka pale pale saa zote. Ndimu ni ya kichefuchefu na ladha, basi. Alafu akanambia kitu sikukijua, balungi. Balungi linaingiliana na baadhi ya dawa, linaufanya mwili ushindwe kuivunja dawa, ikazidi kwenye damu. Kwa hiyo ukiwa na mbalungi uani, muulize daktari wako kwanza.

FAKI: Kwa hiyo ndimu hewala, balungi uliza. Na siki?

RAYA: Siki ina kazi yake! Unajua uchunguzi wa mlango wa kizazi, si wanapaka siki? Siki iliyozimuliwa, wanapaka, wanangoja kidogo, sehemu yenye seli mbaya inageuka nyeupe, wanaiona kwa macho. Dakika chache tu umemaliza.

FAKI: Basi kumbe wazee na ukali wao hawakuwa mbali. (wanacheka)

RAYA: Lakini siki ile inaonesha, haitibu. Na kina mama msingoje muumwe. Na wasichana kuna chanjo, Tanzania ilianza 2018, sasa ni dozi moja kwa wenye miaka 9 mpaka 14, inatolewa mpaka maskulini. Mpeleke mwanao.

FAKI: Sawa. Sasa dada, la kwanza letu, maswali ya daktari...

RAYA: Sijamaliza habari ya boti.

FAKI: (anacheka) Haya.

RAYA: Yule binti akanifuata kule nyuma, mlangoni mwa choo. Akasema dada nimeliona faili lako, na sisi tunakwenda huko huko, ila mama hajui, tumemwambia ana uvimbe tu, nakuomba kwa Mungu usimwambie. Mama mwenyewe anatokwa na damu, na hedhi ilishamkatika miaka mingi. Nikamwambia sawa. Nikampa na nambari yangu. Nikarudi kukaa. Basi yule mama akanigeukia, weye wenda wapi mwanangu? Nikasema hospitali. Ipi? Ocean Road. Akasema na sie twenda huko, hiyo spitali ya maradhi gani?

FAKI: Eh.

RAYA: Binti kageukia dirishani. Nikasema, ya saratani mama.

FAKI: Raya.

RAYA: Akanyamaza. Akaniuliza na weye unayo? Nikamwambia nilikuwa nayo, titi la kushoto, nimekatwa, nikapigwa kemo na mionzi, sasa nakunywa kidonge kimoja kila siku na nipo. Akanishika mkono, hakuuachia mpaka tunafunga bandarini Dar.

FAKI: Hukupaswa kusema.

RAYA: Kaniuliza.

FAKI: Kakuuliza na bintie ashakuomba na wewe ushasema sawa. Saa mbili mbele angekuwa kwa daktari, chumbani, kakaa, mwanawe ubavuni, anayemwambia anajua ni hatua ya ngapi na inatibika vipi. Wewe umemwambia baharini, na mawimbi, hujui hata majibu yake yakoje.

RAYA: Sikumwambia anaumwa nini, nimemwambia hospitali ni ya nini. Na nje kuna kibao Faki. Kimeandikwa. Angeshuka kwenye bajaji akakisoma.

FAKI: Hujui kama anasoma. Ungesema hospitali kubwa. Ungesema ya uvimbe. Si uongo.

RAYA: Nimwangalie mtu aliyenipa ndimu usoni nimfiche jina la anakokwenda? Siwezi. Mwili wake. Atasaini yeye, atavuliwa nguo yeye, atalazwa chini ya mashine yeye.

FAKI: Wewe uliambiwa ukiwa na miaka 34, umesoma, una nguvu. Si kila mtu ni wewe. Sisi baba hatukumwambia, unajua. Tezi dume, ishaingia mifupani. Tukakaa ndugu wote tukakubaliana. Akaishi miezi 9 na miezi 9 hiyo alipanda migomba, alisali msikitini, alicheka na wajukuu. Tungemwambia angelala kitandani siku hiyo hiyo akageukia ukuta. Namjua baba yangu.

RAYA: Na wasia?

FAKI: Aliusia. Bila kuambiwa. Alimwita kaka akamwonesha mipaka ya shamba, mti kwa mti.

RAYA: Basi alijua.

FAKI: Alijua. Nadhani alijua.

RAYA: Sasa nani alikuwa anamficha nani?

(kimya)

FAKI: Ndo heshima yenyewe hiyo Raya. Yeye anajua, sisi tunajua, hakuna anayelitia neno mdomoni. Nyumba ikatulia.

RAYA: Mimi naona mlikuwa kila mtu peke yake ndani ya nyumba moja. Na utanisamehe mdogo wangu, ulinambia mwenyewe, mgongo ulimuuma miezi na akawa anasema uzee, akawa anapakwa mafuta ya mkaratusi. Angejua ni nini angesema mapema. Ile mofini ya maji ilikuja mwisho.

FAKI: Wiki tatu za mwisho.

RAYA: Wiki tatu.

FAKI: Hapo umenigusa pabaya. Lakini sikubali. Mofini ilichelewa kwa sababu sisi hatukujua kuna dawa ya maumivu ya nyumbani, hatukuuliza, tuliogopa tukiskia mofini tunadhani ni ya kumlevya mtu. Ni ujinga wetu, si siri yetu. Tungeweza kumficha jina na bado tukamtuliza maumivu.

RAYA: Ungemwambia dawa hii ya nini?

FAKI: Ya mgongo.

RAYA: Mie siwezi kukubali hilo.

FAKI: Na mie la boti sikubali. Neno uliahidi.

RAYA: Niliahidi kutomwambia. Sikuahidi kudanganya.

FAKI: Kwa yule binti ni kitu kimoja.

(kimya)

RAYA: Dakika ngapi zimebaki?

FAKI: Nne. Na Magharibi hiyo. Maswali ya daktari hatujayagusa.

RAYA: Yaache, tutayafanyia siku yake. Wa Wete mwambie...

FAKI: Wa Wete samahani, mionzi ni siku tano kwa wiki, Raya alipigwa mara 25, alilala kwa shangazi yake Magomeni, sasa asiye na shangazi, hilo lina maelezo marefu, hatuliwezi kwa dakika hizi. Dada sema moja tu la homa, usiliache.

RAYA: Ukiwa kwenye kemo, homa ikifika 38, usingoje asubuhi, usimeze panadoli ukalala. Chembe nyeupe za damu zinakuwa chini, mwili hauna askari. Usiku ule ule hospitali, uwaambie mlangoni niko kwenye kemo.

FAKI: Binti kakupigia?

RAYA: Hajapiga. Tokea Jumanne. Tulipofika bandarini alimshika mamaake mkono wa pili akampitisha haraka, hata salamu hakunipa. Mama ndo aligeuka.

FAKI: Akasema nini?

RAYA: Hakusema, alinitia ndimu mbili nyengine mkononi. Ninazo, ziko kwenye friji. Mwanangu kama unatusikiliza, nambari yangu unayo, na kama umekasirika piga vile vile, nitukane, alafu unambie mama kaambiwaje.

FAKI: Wanaadhini, Raya.

RAYA: Zima.