Msimhukumu Mtoto kwa Jicho

Wazazi wenzangu, walimu, na nyinyi vijana mlioketi kule nyuma, karibuni.

Wachukueni wanafunzi wawili wa dawati moja, wote wana miaka 12. Msichana karefuka hadi sketi imepanda juu ya magoti. Mvulana viatu vya mwaka jana bado vinamtosha. Mara minong'ono: huyu analishwa, yule ana njaa. Jamani, tusikimbilie huko! Wasichana wengi hurefuka kwa kasi kubwa wakikaribia miaka 12, kama sentimita 8 kwa mwaka. Wavulana wengi husubiri hadi karibu na 14, nao huweza kuongeza sentimita 9 au zaidi. Umri mmoja, hatua mbalimbali za balehe.

Kinachoniuma zaidi ni mtoto kupimwa BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, kisha kusomewa viwango vya watu wazima. Tupige hesabu hapa hapa. Msichana wa miaka 12 ana kilo 36 na urefu wa mita 1.5. Zidisha 1.5 kwa 1.5, upate 2.25; gawanya 36 kwa hiyo, jibu ni 16. Kwa mtu mzima, chini ya 18.5 ni uzito pungufu, na 16 inatisha kabisa. Ila kwenye chati za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2007, zinazohusu umri wa miaka 5 hadi 19, binti huyu yumo ndani ya kawaida. Wazazi wake wanakosa usingizi bure.

Sasa chakula. Msichana huvunja ungo baada ya kasi ya kurefuka kupita kilele, na kimo kilichobaki huwa kidogo. Anayesubiri hadi hapo ndipo amlishe vizuri binti yake amechelewa upande wa kimo. Upande wa damu bado ana kazi kubwa, kwa sababu hedhi hupunguza madini ya chuma mwilini. Wavulana nao wanayahitaji, maana misuli na damu vinaongezeka kwa pamoja. Kalsiamu inayopendekezwa kwa wote ni takribani miligramu 1,300 kwa siku.

Mpimeni mtoto bila viatu, visigino ukutani, macho mbele, kila baada ya miezi 6, na mwandike tarehe. Akiwa hajabalehe na haongezi hata sentimita 4 kwa mwaka, mpelekeni kwa daktari. Vivyo hivyo msichana wa miaka 13 au mvulana wa 14 asiye na dalili yoyote ya balehe.

Haya, maswali.