Ukituma Gaza, kinafikaje? Maongezi ya fundi simu

Haya jamani, asalaam alaikum, na wengine bwana asifiwe, tumsifu Yesu Kristo, habari za jioni, nimalize zote asije mtu akanuna huko nyuma. Mliosimama mlangoni sogeeni mbele, viti havilipiwi.

Wengi mnanijua, mimi fundi simu, nipo Kariakoo mtaa wa Aggrey mwaka wa kumi na nne huu. Sio shehe, sio mchungaji, sio mtu wa siasa. Walioniita wameniambia we njoo utuongelee haya mambo ya kusaidia watu wa Palestina kwa simu, maana vijana wana uchungu alafu hawajui waanzie wapi, mwisho wanaishia kubadilisha picha ya profaili. Nikasema sawa ila mimi nitaongea kifundi. Fundi ukimletea simu hahangaiki na kava, anauliza chaji inaingilia wapi na inakwama wapi. Kwaiyo leo nina swali moja tu, ukituma kitu Gaza, kile kipande cha Palestina chenye vita, kinafikaje?

Turudi tarehe 27 Oktoba 2023, Ijumaa usiku. Vita ina wiki tatu, tangu yale mashambulizi ya tarehe 7 ya Hamas, kundi la Wapalestina lenye silaha lililokuwa linatawala Gaza, ambapo Israel waliuawa watu kama 1,200 na wengine 250 hivi wakabebwa mateka. Na siku ile walipotea vijana wetu wawili wa Kitanzania waliokwenda kule kusomea kilimo, tukaja kuambiwa wote wamekufa. Hilo nalisema mapema makusudi, maana kuna watu wakisikia neno Gaza wanadhani umekuja kushangilia msiba wa mwingine. Hapana. Raia ni raia, na mama wa Kilimanjaro aliyempoteza mwanae pale simuweki kwenye mzani na mama wa Khan Younis kule Gaza.

Basi, usiku ule mtandao wa Gaza ukakata. Simu, intaneti, vyote kwa mpigo. Watu zaidi ya milioni 2 kwenye eneo la kilomita za mraba 365, yani ukichukua Unguja peke yake hilo eneo linaingia mara nne na chenji inabaki, wote kimya. Ambulensi hazipigiwi simu, madereva wanafuata ulikosikika mlipuko. Mtu yuko Cairo au Ujerumani anampigia mama yake anaambiwa namba haipatikani, masaa zaidi ya 30 hivyo. Wewe ukimpigia mpenzi wako asipokee nusu saa unakuwa mwendawazimu.

Sasa sikilizeni hapa maana hapa ndo kwenye utamu wa kifundi. Kuna mwandishi wa Misri anaitwa Mirna El Helbawi, yeye na watu wa mtandaoni wakaanza kuulizana tunafanyaje, likaja wazo la eSIM. Wengine mnaijua, ni laini ambayo haina kadi, unanunua mtandaoni unapewa ile picha ya vijiboksi vyeusi, unaiskani, simu inakubali laini mpya. Kile kipicha unaweza kumtumia mtu mwingine yeyote duniani, akiskani yeye laini inakuwa ya kwake. Na laini yenyewe inatumia roaming, yani haitegemei mnara wa Gaza uliokufa, inadaka mnara wa Misri ng'ambo ya mpaka au wa Israel. Watu wakawa wananunua kutoka kila kona, wanatuma vipicha kwa baruapepe kwa Mirna na wenzake, wale wanasambaza kwa madaktari, waandishi, familia.

Mtauliza, kama mtandao umekata hicho kipicha kinaingiaje? Swali zuri, dada yangu hapo ameshafungua mdomo. Kinaingia kupitia yule mmoja mwenye upenyo. Akishapata mmoja anafungua hotspot, wengine wanaskani kwake, kama kuwashiana jiko la mkaa. Na sio kwamba ilikuwa kazi nyepesi. Mtu inabidi asogee karibu na mpaka au apande juu ya paa adake mnara, na juu ya paa kwenye vita sio mahali pa kukaa. Chaji anapata kwenye sola ya jirani au betri ya gari.

Na kitu kingine ambacho watu hawajui, hata kabla ya vita kampuni za simu za Gaza zilikuwa zinaruhusiwa na Israel 2G tu. Wapalestina wenzao wa Ukingo wa Magharibi walipata 3G mwaka 2018, Gaza wakaendelea kubaki na ile ile ya enzi za simu za tochi. Hata masafa ya hewani yana mwenye funguo.

Toeni simu zenu. Wote. Pigeni nyota reli sifuri sita reli. Zikija zile namba angalia kama kuna mstari umeandikwa EID, hiyo ni namba ya eSIM ya simu yako. Mwenye EID anyooshe mkono. Mmoja... watatu... we babu unayo? Haya wanne. Ukumbi mzima huu wanne, na simu ya babu ametumiwa na mwanae wa Muscat. Sasa na Gaza ndo hivyohivyo, sio kila simu inakubali, ndo maana mwenye simu moja inayokubali anakuwa mnara wa mtaa mzima. Kwaiyo ukinunua eSIM moja usidhani umesaidia mtu mmoja.

Tuingie kwenye hela, maana hapa ndo mnapoibiwa.

Nani hajawahi kupata meseji ya Instagram, kaka mimi nina watoto wanne tupo kwenye hema, nisaidie? Wote mmepata. Wengine mnasema matapeli tupu, mnabloku. Mimi siwezi kusema hivyo. Matapeli wapo tena wengi, wanaiba picha ya mtoto wa mtu wanaweka link yao. Ila mwenye njaa kweli naye anaandika meseji ileile kwa watu mia mbili, kwa sababu njaa haina muda wa kukutungia barua ya peke yako. Kwaiyo usimpime kwa maneno, mpime kwa njia ya hela.

Angalia njia. Hizi kampeni za GoFundMe, ule mtandao wa kuchangisha hela, mtu aliyepo Gaza hawezi kuifungua, nchi yake haipo kwenye orodha. Na sisi hatupo, msijidanganye. Inabidi awepo mtu Ulaya au Marekani, shemeji, binamu, mtu aliyejuana nae mtandaoni, hela inaingia kwenye akaunti ya huyo. Kwaiyo swali lako la kwanza, nani ameshika hela? Jina lake lipo? Ana uhusiano gani na familia? Kampeni imefunguliwa lini, ina taarifa mpya au ni picha ileile toka mwaka juzi? Hiyo ni dakika tano tu, tena unafanyia kitandani.

Alafu hela ikitoka kwake inaingia Gaza kwa akaunti ya benki ama pochi ya simu. Ikishafika haijafika. Kwenye vita benki nyingi zilibomolewa, mashine za kutolea hela zikawa karibu hakuna, noti mpya zikawa haziingizwi. Noti za shekeli, hela ya Israel ambayo ndo inatumika Gaza, zile zilizobaki zimezunguka mpaka zimechakaa, wenye maduka wanazikataa, kuna watu wakawa mafundi wa kubandika noti kwa gundi. Kupata keshi inabidi uende kwa dalali, unamrushia hela kwa simu anakupa noti, na mwaka 2025 makato yao yalifika mpaka asilimia 40. Nyie hapa wakala akikata elfu mbili mnaitisha mkutano. Umetuma laki, mama wa watu anashika elfu sitini, na bado hajaukuta unga.

Maana unga nao uingie kwanza. Kabla ya vita Gaza ilikuwa inaingiza kama malori 500 kwa siku, ya biashara na ya msaada. Machi 2, 2025 Israel ikafunga kila kitu, chakula, dawa, mafuta, mpaka katikati ya Mei, wiki kumi na moja. Malori yapo Misri yamejaa, yanasubiri. Agosti 22 mwaka huohuo wataalamu wanaopima njaa duniani wakatangaza rasmi kuwa jiji la Gaza na eneo lake lipo kwenye baa la njaa. Sio mvua iliyokosekana jamani, geti ndo lilifungwa. Wakati geti limefungwa hata tukichanga ukumbi huu wote tukauza na hizi simu, tunachofanya ni kupandisha bei ya unga uliobaki, hela nyingi zinafukuza mifuko michache.

Njia nyingine zimejaribiwa. Wamarekani wakajenga gati la kuelea baharini, Mei 2024, dola kama milioni 230, likafanya kazi siku kama ishirini tu kwa ujumla, mawimbi yakalivunja wakalifungua wakaondoka. Wakarusha chakula kwa ndege, Machi 2024 miamvuli ikagoma kufunguka watu watano wakafa kwa kuangukiwa na msaada. Mtu anakufa kwa kuangukiwa na chakula. Na Aprili 1 mwaka huohuo wafanyakazi saba wa World Central Kitchen, shirika la kugawa chakula, wakapigwa na droni za Israel wakiwa kwenye magari yenye nembo, wametoka kushusha chakula Deir al-Balah, humohumo Gaza.

Sasa hapo ndo mnaona kelele zina kazi yake. Mimi zamani nilikuwa nawacheka wanaoshea, nasema hizo ni posti za kujionyesha tu. Nimebadilika, nusu. Hela haifungui geti, ila zile nchi zinazoweza kulifungua zina wapiga kura, na wapiga kura wana simu. Ila kelele nayo ina ufundi wake.

Mnakumbuka ile picha ya mahema mengi yamepangwa yakaandika kwa Kiingereza macho yote Rafah, ule mji wa kusini mwa Gaza? Mwisho wa Mei 2024, baada ya bomu kuchoma kambi ya mahema kule Tal as-Sultan, Rafah, watu kama 45 wakafa. Ile picha imetengenezwa na AI, yani akili bandia ya kompyuta, imeshewa zaidi ya mara milioni 40 ndani ya siku chache, na mimi niliweka status. Iangalieni vizuri lakini. Hakuna mtu hata mmoja! Hakuna damu, hakuna moto, na hiyo Rafah haina milima ile. Picha halisi zilikuwepo, waandishi wa kulekule walizipiga, zikawa zinafutwa au zinafichwa. Human Rights Watch, shirika la haki za binadamu, Desemba 2023 walishaandika kesi zaidi ya 1,000 za posti za amani za kuunga mkono Palestina ambazo Meta, wenye Facebook na Instagram, ilizishusha ama kuzibana. Ndo maana watu wakawa wanaweka tikitimaji badala ya bendera ya Palestina, maana rangi ni zilezile. Kwaiyo tukashea picha ambayo mashine inaipenda kwa sababu haina kitu. Simlaumu aliyeshea, nimeshasema na mimi nimo. Ila kama una nafasi ya kushea kimoja, shea cha yule aliyepanda juu ya paa kutafuta mnara, tena jina lake liwepo.

Na hakikisha. Mwanzoni mwa vita kuna video nilirusha kwenye grupu la familia, mabomu ya usiku, nikaandika maneno makali kabisa. Dogo mmoja hapo dukani akaniambia bro hiyo ni gemu ya kompyuta, Arma 3. Nilitamani ardhi ipasuke. Shangazi yangu alikuwa ameshalia.

Kuna dada kule aliandika kwenye karatasi anauliza, mimi sina kadi ya benki, sina hela, nafanyaje? Kadi unaweza kutengeneza ya mtandaoni kwenye hela zako za simu, ukimaliza njoo nikuonyeshe. Kama hela huna, kazi ipo. Wale wa Gaza kwenye video wanaongea Kiarabu, bibi yako haelewi. Andika maneno ya Kiswahili chini ya video, sema nani anaongea, yupo wapi, lini. Hiyo kazi watu hawaifanyi kwa sababu haina laiki nyingi.

Babu anataka kusema kitu. Anasema mwaka 1973 Tanzania ilivunja uhusiano na Israel, na wakati wa Mwalimu hao Wapalestina walikuwa na ofisi yao hapahapa Dar, wala hakukuwa na hizi simu. Kweli babu. Asante.

Nimalizie na ya kwangu maana mmeniuliza kama nilinunua. Nilinunua, GB chache, nikatuma kipicha, nikakaa. Kwenye programu yao unaona matumizi. Wiki ya kwanza sifuri. Ya pili sifuri, nikasema nimepigwa. Siku ya kumi na saba nipo dukani natoa skrini ya mteja, nachungulia naona MB 3. Nikaiacha skrini ya watu mezani. Jioni MB 40. Kesho yake 210, nikawa nawaza, hii video kolu, hii anatafuta kitu, hii anaongea na mama yake. Simjui mwanaume au mwanamke. Ikafika 644 ikasimama. Siku mbili, tatu, wiki. Labda chaji, labda amehama ameenda mbali na mnara. Muda wa laini ulipokaribia kuisha nikaiongezea siku thelathini. Bado 644, nimeangalia tena hapa mlangoni kabla sijaingia.